Gary Coleman: Mtoto aliyewalisha watu wazima

TAKRIBAN miaka 15 baada ya mwigizaji Gary Coleman kuaga dunia katika jimbo la Utah, Marekani, jimbo hilo hilo lilipata sheria ya kulinda mapato ya watoto ambao wazazi wao huwaonyesha kwenye video za intaneti ili kujipatia fedha. Gavana Spencer Cox aliitia sahihi Machi 2025. Msukumo wake haukutoka kwa Coleman bali kwa kisa cha Ruby Franke, mama wa watoto sita aliyepata umaarufu kwa kurekodi maisha ya familia yake, na ambaye alihukumiwa kifungo Februari 2024 kwa kuwatesa watoto wake. Hata hivyo, swali ambalo sheria hiyo inajaribu kulijibu ndilo alilolipeleka Coleman mahakamani mwaka 1989, akiwa kijana wa miaka 21. Mtoto anapofanya kazi na kulipwa, jasho lake ni la nani?

Coleman alizaliwa Februari 8, 1968 katika mji wa Zion, jimbo la Illinois, na akachukuliwa kuwa mwana na familia ya Coleman. Baba mlezi alikuwa mwendeshaji wa mashine za kuinua mizigo na mama mlezi alikuwa muuguzi. Mtoto huyo alikuwa na maradhi ya figo. Maradhi hayo pamoja na dawa alizotumia vilidumaza ukuaji wake, na hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikupita sentimita 142. Alipandikizwa figo mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka mitano, kisha akapandikizwa nyingine mwaka 1984. Zote mbili hazikudumu, na sehemu kubwa ya maisha yake ilimlazimu kusafishwa damu kwa mashine.

Ni muhimu kuyataja maradhi hayo mapema kwa sababu ndiyo yaliyokuwa mtaji. Watayarishaji wa vipindi waliona kijana mwenye akili ya mtu mkubwa, ulimi mwepesi na mashavu ya mtoto mchanga. Alianza kwa matangazo ya biashara mjini Chicago, akaonekana kidogo katika vipindi vya Good Times na The Jeffersons, na Novemba 3, 1978 shirika la NBC likaanza kuonyesha Diff'rent Strokes, kipindi kilichomfanya ajulikane dunia nzima.

Hadithi ya kipindi hicho ilikuwa nyepesi. Ndugu wawili weusi kutoka Harlem, Arnold na Willis Jackson, wanafiwa na mama yao aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa tajiri mzungu, Phillip Drummond. Tajiri huyo, aliyeigizwa na Conrad Bain, anawachukua na kuwalea katika jumba lake la kifahari jijini New York pamoja na bintiye Kimberly. Coleman alikuwa Arnold, Todd Bridges alikuwa Willis, na Dana Plato alikuwa Kimberly. Mshangao ambao Arnold alimtupia kakake Willis karibu kila wiki, midomo ikiwa imechongoka na jicho moja limefinywa, ukawa msemo wa mitaani. Watu waliurudia shuleni, kazini na baa.

Wahakiki wengi wamezungumzia ubaguzi wa rangi uliojificha ndani ya hadithi hiyo ya mweusi maskini anayeokolewa na mzungu mwenye huruma. Lawama hizo zina msingi. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba mambo nyuma ya kamera yalikuwa kinyume kabisa cha yale yaliyoonekana kwenye kioo. Runingani Arnold alikuwa yatima anayelishwa na watu wazima. Katika ukumbi wa kurekodia, watu wazima ndio waliokuwa wakilishwa naye. NBC wakati huo ilikuwa ikishika mkia miongoni mwa mashirika makubwa matatu ya runinga nchini humo, na mtoto huyo alikuwa mmoja wa wachache walioipa sababu ya kujivunia. Machi 1983, Nancy Reagan, mke wa Rais wa Marekani, alijitokeza katika kipindi hicho kuendeleza kampeni yake dhidi ya dawa za kulevya. Ikulu ya White House yenyewe ilijua mlango wa kupitia ili iwafikie watoto wa taifa.

Malipo yalipanda kwa kasi. Kilele chake kilikuwa dola 100,000 kwa kila sehemu ya kipindi, na zaidi ya sehemu 180 zilirekodiwa kabla ya kipindi hicho, ambacho kilihamia ABC katika msimu wake wa mwisho, kufika kikomo mwaka 1986. Kando ya kazi hiyo palikuwa na filamu, matangazo na hata katuni iliyobeba jina lake mwaka 1982. Mojawapo ya filamu hizo, On the Right Track ya mwaka 1981, ilimhusu mtoto fukara anayepiga viatu rangi katika kituo cha treni, ambaye ana kipawa cha kutabiri farasi atakayeshinda mbio. Watu wazima wanapogundua kipawa hicho, wanaanza kumzunguka kama nzi. Anayeitazama leo hukosa raha ya kucheka.

Inakadiriwa kwamba mapato yake yote katika miaka hiyo yalifika dola milioni 18. Wazazi wake waliacha mambo mengine na kuwa wasimamizi wake, nao wakalipwa kutoka mfuko huo huo. Palikuwa pia na wakala, mshauri wa biashara, mawakili na mtoza ushuru. Kila mmoja alikuwa na asilimia yake, na kila asilimia ilikuwa na karatasi yake iliyotiwa sahihi. Aliyekosa sahihi ni mwenye mali, maana alikuwa mtoto.

Mwaka 1989 Coleman aliwashtaki wazazi wake pamoja na aliyekuwa mshauri wake wa biashara, akidai kwamba walikuwa wametumia vibaya amana yake ya dola milioni 3.8. Wazazi walikana. Kesi hiyo iliwagawanya Wamarekani: wapo waliomwona kama mwana asiye na shukrani, aliyeokotwa akiwa mchanga na mgonjwa, akatunzwa hospitalini na nyumbani, kisha akawaburuta walezi wake kortini. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Kumlea mtoto mwenye figo mbovu si jambo dogo, na hakuna anayeweza kudai kwamba mama muuguzi aliyekesha kitandani mwa mtoto huyo hakustahili chochote. Lakini ulezi ni wajibu na kazi ni kandarasi. Pale mzazi anapokuwa pia mwajiriwa wa mtoto wake, mtoto hupoteza mtu mmoja ambaye angemwambia kwamba leo amechoka, asiende kazini. Februari 1993 jaji aliamua kwamba Coleman alikuwa na haki, akaamuru alipwe takriban dola milioni 1.28.

Hapa ndipo sheria inapohitaji kuchunguzwa kwa makini. California, makao ya biashara ya filamu, ilikuwa na sheria ya kuwalinda waigizaji watoto tangu mwaka 1939. Ilipewa jina la Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza pamoja na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid ya mwaka 1921. Coogan alichuma mamilioni ya dola, lakini alipofikisha umri wa utu uzima aligundua kwamba mamake na babake wa kambo walikuwa wamezitumia. Alipowashtaki mwaka 1938, aliambulia dola 126,000 tu. Kisheria wakati huo, mapato ya mtoto yalikuwa mali ya wazazi wake, sawa na vile mazao ya shamba yalivyo ya mwenye shamba.

Sheria ya 1939 ilikusudiwa kuondoa fedheha hiyo, lakini ilikuwa na matundu kama chujio. Iligusa tu kandarasi zilizopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na hata hapo iliachwa kwa jaji aamue kama fedha zozote zitawekwa akiba na kwa kiasi gani. Kandarasi ambazo hazikufikishwa mbele ya jaji ziliendelea kama zamani. Ilichukua miaka 60 kuziba matundu hayo. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 1, 2000 yalitamka wazi kwamba mapato ya mtoto mwigizaji ni mali ya mtoto huyo, na kwamba asilimia 15 ya mapato yake kabla ya makato lazima iwekwe katika akaunti ambayo hakuna awezaye kuigusa hadi afikishe miaka 18.

Coleman alitangaza kufilisika Agosti 1999, miezi michache tu kabla ya sheria hiyo kuanza kazi.

Hesabu yake ni rahisi. Asilimia 15 ya dola milioni 18 ni dola milioni 2.7, yaani zaidi ya mara mbili ya alizopewa na mahakama baada ya miaka minne ya kuvutana na wazazi wake. Na fedha hizo angezipata bila kumshtaki yeyote. Pengine uhusiano wake na walezi wake ungenusurika pia, kwa kuwa ugomvi wa fedha kati ya mzazi na mwana hauishi na hukumu ya jaji. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye, Coleman mwenyewe hakuwatwika wazazi lawama yote. Alikiri kwamba naye alichangia kuanguka kwake. Huo ni ungwana ambao wengi hawakumpa.

Kilichofuata baada ya 1986 ndicho kinachojulikana zaidi, na ndicho magazeti ya udaku yalichokipenda. Kazi za maana hazikuja. Watayarishaji hawakumwona mwigizaji wa miaka 20 au 30 bali walimwona Arnold aliyechelewa kukua. Sauti, kimo na uso vilivyomletea mamilioni sasa vilimfungia milango. Waigizaji wengi watoto hupata angalau msaada mmoja kutoka kwa maumbile: hubadilika. Ndevu huota, sauti huwa nzito, na mtazamaji hulazimika kusahau. Coleman hakujaliwa hilo. Alifanya kazi ya bawabu na pia katika maduka ya treni za kuchezea, vitu alivyovipenda tangu utotoni na ambavyo, kwa maelezo ya waliomjua, ndivyo vilivyompa utulivu.

Julai 1998 alikwenda katika duka moja California kununua fulana ya kujikinga na risasi kwa ajili ya kazi yake ya ulinzi. Mwanamke aliyekuwa dereva wa basi alimwomba sahihi ya kumbukumbu, wakatupiana maneno kuhusu hadhi yake iliyoshuka, naye akampiga ngumi. Alitozwa faini ya dola 400 na kuamriwa kuhudhuria mafunzo ya kudhibiti hasira. Kumpiga mwanamke hakuna utetezi. Lakini namna habari hiyo ilivyotangazwa ilistahili kuzingatiwa: vituo vya runinga viliisoma kwa kicheko, vikiambatanisha picha za mtoto wa mwaka 1979, na wachekeshaji wa usiku wakaiga ule mshangao wake. Kesi ya jinai ya mtu wa miaka 30 ikageuzwa kuwa sehemu nyingine ya kile kipindi cha vichekesho.

Mwaka 2003 hali ilikuwa ile ile katika siasa. Wapiga kura wa California walikuwa wameitisha kura ya kumwondoa Gavana Gray Davis mamlakani, na wagombea 135 wakajitokeza kutaka kumrithi. Gazeti moja la kila wiki, East Bay Express, lilimlipia Coleman ada ya dola 3,500 na kumkusanyia sahihi zilizohitajika, likiwa na lengo la kuukejeli uchaguzi wenyewe. Arnold Schwarzenegger alipojitosa uwanjani, Coleman alitangaza kwamba yeye mwenyewe angempigia kura mwigizaji huyo. Katika uchaguzi wa Oktoba 7, Schwarzenegger alishinda, na Coleman akamaliza wa nane kwa kura 14,242. Zipo njia nyingi za kuisoma nambari hiyo. Wengine walimpigia kwa mzaha, bila shaka. Lakini kulikuwa na wanasiasa wa kweli, wenye vyama na ilani, walioachwa nyuma na mzaha huo.

Yapo mambo mawili ya kuongeza hapa. La kwanza ni kwamba Davis, gavana aliyekuwa aking'olewa, ndiye aliyekuwa madarakani wakati sheria ya asilimia 15 ilipoanza kutumika. La pili ni kwamba mwaka huo huo, 2003, mchezo wa jukwaani Avenue Q ulianza kuonyeshwa Broadway, New York, ukiwa na mhusika anayeitwa Gary Coleman, nyota wa zamani ambaye sasa ni msimamizi wa jengo la kukodisha. Mchezo huo ulishinda tuzo ya Tony mwaka 2004. Kwa hivyo hata umaskini wake ulikuwa bidhaa, na kama ilivyokuwa utotoni, kaunta ya kuuzia tiketi ilikuwa mikononi mwa wengine.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa Utah. Alikutana na mwanamke kijana wakati wa kurekodi filamu ya Church Ball, iliyotolewa mwaka 2006, wakafunga ndoa Agosti 2007. Mwaka mmoja baadaye walitalikiana kimya kimya, ingawa waliendelea kuishi pamoja. Mei 26, 2010 alianguka nyumbani kwake katika mji wa Santaquin na kuvuja damu ndani ya fuvu. Mashine za kumsaidia kuishi zilizimwa Mei 28 katika hospitali moja mjini Provo. Alikuwa na miaka 42. Mabishano kuhusu wosia wake yaliendelea hadi mwaka 2012, pale jaji alipoamua kwamba aliyekuwa mkewe hakuwa mrithi wake kisheria. Hapakuwa na utajiri mkubwa wa kugombania, ila jina.

Wenzake wawili wa kipindi walipitia dhiki za aina yao. Dana Plato alikamatwa mwaka 1991 kwa kuiba katika duka la kukodisha video mjini Las Vegas, na alifariki Mei 8, 1999, akiwa na miaka 34, baada ya kumeza dawa kupita kiasi. Todd Bridges alizama katika dawa za kulevya, akashtakiwa kwa jaribio la mauaji na kuondolewa hatia, kisha akajinasua na kusimulia safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2010. Kutokana na misiba hiyo kulizuka dhana ya laana iliyowaandama watoto wa Diff'rent Strokes. Dhana hiyo iliwafaa waajiri kuliko mtu mwingine yeyote. Ikiwa ni laana, basi hakuna wa kuulizwa maswali kuhusu saa za kazi, elimu, ushauri wa kisaikolojia au hesabu za fedha. Ieleweke pia kwamba si kila mtoto mwigizaji huishia pabaya. Janet Jackson alipitia kipindi hicho hicho akiwa kijana, na alikotokea kuelekea hakuhitaji maelezo.

Sasa hatari imehama kutoka ukumbi wa kurekodia hadi sebuleni. Katika siku za Coleman, angalau palikuwa na shirika lenye anwani, mkataba wenye tarehe, na sheria za California zilizoweka ukomo wa saa za kazi na kudai mwalimu awepo. Mtoto anayerekodiwa na mamake jikoni hana hata kimoja kati ya hivyo. Hana mkataba kwa sababu haitwi mfanyakazi, na mzazi wake ndiye mwajiri, mpiga picha, mhariri na mweka hazina. Illinois, jimbo alikozaliwa Coleman, ndilo lililokuwa la kwanza Marekani kuchukua hatua: sheria yake ya kuwalipa watoto wanaoonekana katika video za wazazi ilianza kutumika Julai 1, 2024. California ilifuata kwa sheria mbili zilizotiwa sahihi Septemba 2024 na Gavana Gavin Newsom, akiwa pamoja na mwimbaji Demi Lovato, ambaye mwenyewe alianza kazi hiyo akiwa mtoto. Utah ikaja mwaka 2025.

Sheria hizi zina udhaifu ulio wazi. Zinategemea mzazi aweke kumbukumbu za mapato yake mwenyewe na kutenga fungu la mtoto, na njia kuu ya kuzitekeleza ni mtoto kumshtaki mzazi baadaye. Hiyo ndiyo njia aliyoipitia Coleman, na gharama yake inajulikana. Sheria ya Utah, kwa mfano, huwagusa wanaochuma zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka kutokana na video hizo, kumaanisha kwamba maelfu ya watoto wanaorekodiwa kila siku kwa mapato madogo wamebaki nje. Tena asilimia 15 ya sehemu fulani ya mapato inaacha swali la asilimia zilizobaki.

Hata hivyo, sheria ya Utah ina kifungu kimoja ambacho sheria ya Coogan haikuwahi kuwa nacho: inampa aliyekuwa mtoto haki ya kudai, akishakuwa mtu mzima, kwamba video zake ziondolewe. Coleman angekuwa hai angekuwa na umri wa miaka 57 sheria hiyo ilipotiwa sahihi. Marudio ya Diff'rent Strokes bado yanauzwa na kuonyeshwa, naye Arnold bado ana miaka kumi.